Mtungi wa gesi una umri wake: Soma tarehe kabla ya kuwasha jiko

Kila unapoingia mwezi wa Shaaban, kamati ya msikiti wetu hapa Tanga hufanya hesabu ya vyombo vya jikoni, ili Ramadhani itukute tumejiandaa. Masufuria huhesabiwa, miko huhesabiwa, mikeka ya wafuturishwaji hutolewa juani, na katibu huandika yote katika daftari. Mwaka jana kazi hiyo ilikuwa yangu, na chombo kilichonichukulia muda mrefu kuliko vyote kilikuwa mtungi mmoja wa gesi wa kilo 38, uliosimama pembeni mwa jiko ukiwa umepakwa rangi ya kijani kama milango ya msikiti.

Katika daftari kuna safu iitwayo "hali ya chombo". Nikamuuliza mama anayetupikia futari niandike nini.

"Andika mzima, Ustadh," akasema. "Huo ni mtungi wa marehemu mzee wetu. Tumeupikia miaka yote hii, haujatusumbua hata siku moja."

Ningeandika hivyo na kwenda zangu. Lakini niliponyanyua mkono kuufuta vumbi, vidole vyangu viligusa maandishi yaliyopigwa kwenye ukosi wa chuma unaoizunguka valvu. Rangi ilikuwa imeyafunika. Nilisugua kwa kitambaa na mafuta ya taa, mbali na jiko, mpaka herufi zikajitokeza: jina la kampuni, namba ya mtungi, uzito wake ukiwa mtupu, na tarehe mbili. Uliundwa mwaka 2008. Ulitakiwa kupimwa tena mwaka 2018.

Sikuweza tena kuandika neno "mzima". Nimeona niwasimulie wasomaji yaliyofuata, kwa sababu nina hakika mtungi wa namna ile haumo katika jiko la msikiti wetu peke yake.

Chuma nacho huchoka

Gesi tunayopikia ni mchanganyiko wa propani na butani, ulioshindiliwa kwa nguvu mpaka ukawa kimiminika. Ukiutikisa mtungi ukasikia kitu kinachezacheza kama maji, hiyo ndiyo gesi yenyewe. Lita moja ya kimiminika hicho ikitoka nje hutanuka na kuwa takriban lita 250 za gesi. Hapo ndipo ilipo baraka yake, kwamba mtungi mdogo huipikia familia siku nyingi. Na hapo ndipo ilipo hatari yake, kwamba tundu dogo tu hujaza chumba.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai juu kama moshi, bali hutambaa sakafuni na kutuama mahali pa chini, kwenye pembe, chini ya kitanda au katika mfereji wa maji. Kwa asili yake haina harufu. Ile harufu kali tunayoijua huongezwa kwa makusudi na wenye viwanda, ili pua ituonye kabla ya moto.

Kinachotutenga na nguvu hiyo yote ni ukuta mwembamba wa chuma, valvu moja na vipande vichache vya mpira. Chuma hushikwa na kutu, hasa kwenye pete ya kitako ambako maji ya kudekia hutuama, na zaidi katika miji ya pwani kama yetu ambako upepo wa bahari huja na chumvi. Mtungi huangushwa, huburutwa, hubondeka. Mipira ya ndani ya valvu hukauka na kuwa migumu.

Kwa sababu hiyo kila mtungi hupangiwa muda wa kurudishwa kupimwa. Kipindi hicho hutofautiana baina ya nchi na nchi, na mara nyingi kipimo cha kwanza huwa baada ya miaka 10 au zaidi kidogo. Siku hiyo ikifika, gesi huondolewa, mtungi hukaguliwa kwa macho ndani na nje, kisha hujazwa maji na kusukumwa kwa shinikizo kubwa kuliko lile la matumizi ya kawaida, ili udhaifu ujidhihirishe kiwandani na usijidhihirishe jikoni. Valvu hukaguliwa au kubadilishwa. Ukifaulu, hupakwa rangi na kupigwa tarehe mpya. Ukishindwa, huharibiwa kabisa, usije ukarudi sokoni.

Msomaji aelewe vyema maana ya tarehe hiyo. Mtungi hautapasuka kwa kuwa mwaka umebadilika usiku wa manane. Ila tangu siku hiyo hakuna tena aliyeuchunguza na anayeweza kutoa ushahidi wa uzima wake. Tunapika kwa dhana.

Mtungi uliopotea njia

Huenda msomaji akauliza: mbona mimi nimepikia gesi miaka mingi na sijawahi kufikiri habari ya tarehe? Jibu ni kwamba utaratibu wa kubadilishana umekuwa ukikufikiria. Unapopeleka mtungi mtupu kwa wakala na kupewa uliojaa, hupewi ule ule wako. Wako hurudi katika kampuni yenye chapa, na huko ndiko kwenye jukumu la kuukagua kabla ya kuujaza na kuutenga ukifikia muda wa kupimwa. Mtungi unaozunguka katika njia hiyo una mlezi.

Mtungi wetu wa kijani ulikuwa umeiacha njia hiyo, na sababu yake ilikuwa nia njema. Miaka ya nyuma vijana wa msikiti walipaka milango rangi, rangi ikabaki, wakaona waupake na mtungi upendeze. Rangi ya kampuni ikapotea, na jina pia. Ulipopelekwa kwa wakala kubadilishwa, akaukataa, na alikuwa na haki, kwani hakujua ni wa nani. Basi akapatikana kijana mmoja mtaani aliyekuwa akijazia watu gesi kwa kuihamisha kutoka mtungi hadi mtungi, tena kwa bei nafuu. Tangu hapo kila gesi ilipokwisha, mtungi ulikwenda kwake.

Mpishi wetu hakuficha jambo hilo, wala hakuona kuwa lina ubaya. Alidhani anaiokolea kamati fedha. Lakini ujazaji wa namna hiyo una madhara matatu. Hakuna anayeukagua mtungi. Hakuna mizani ya kuaminika, ilhali mtungi hautakiwi kujazwa pomoni. Takriban sehemu moja ya tano huachwa wazi ili kimiminika kipate nafasi ya kutanuka joto likizidi. Na tatu, ni kinyume cha sheria. Kanuni zinazosimamiwa na EWURA haziruhusu hata kampuni moja kujaza mitungi yenye chapa ya kampuni nyingine bila idhini yake, sembuse mtu binafsi uchochoroni.

Kikao cha kamati

Nililipeleka jambo hilo kwenye kikao baada ya sala ya Isha. Sikutarajia kuwa lingekuwa zito.

Mwenyekiti wetu, ambaye ni mtu wa hesabu, alisema fedha zilizopo zimetengwa kwa tende, mchele na sukari, na kwamba mtungi mpya wa kilo 38 utakula sehemu kubwa ya fungu hilo. Mjumbe mmoja akapendekeza tupike Ramadhani hii moja tu, kisha tuangalie. Mzee mwingine akaleta hoja iliyotunyamazisha wote: "Ule ni wakfu. Marehemu aliutoa kwa ajili ya futari ya msikiti huu. Nani kati yetu ana mamlaka ya kuuondoa?"

Hoja hiyo ilistahili jibu la elimu. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani twayafuata, walikwisha kujadili mfano unaokaribiana nayo: mikeka ya msikiti iliyowekwa wakfu ikachakaa mpaka haina tena manufaa. Imamu Nawawi aliipa nguvu kauli kwamba yafaa kuuzwa, na kinachopatikana kirudi katika maslahi ya msikiti. Kitu kilichochakaa kikazuiliwa tu mahali pake hakimnufaishi aliyekitoa wala waliokipewa. Na mtungi umezidi mkeka kwa jambo moja: mkeka uliochakaa hauna manufaa, lakini mtungi uliochakaa una madhara, na kuondoa madhara ni msingi mkubwa katika fikihi yetu. Kuuza mtungi wa aina hiyo kwa mtu mwingine haingefaa pia, kwa kuwa tungekuwa tumemhamishia jirani hatari yetu.

Wajumbe walikubali hoja, lakini niliona katika nyuso zao kuwa mioyo haijatulia. Mwenyekiti akasema: "Katibu, kwanza nenda kwa mjane wake. Asije akasikia mitaani kwamba tumetupa sadaka ya mumewe."

Nilikwenda asubuhi yake pamoja na mpishi wetu. Nilimwamkia bibi, nikamweleza habari ya tarehe, ya kutu na ya yule kijana wa kujazia. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza aliniuliza ni watu wangapi hufuturu pale msikitini siku hizi. Nikamwambia hupita mia, na wengi ni watoto wa madrasa.

"Mwanangu," akasema, "mume wangu alitaka watu wafuturu. Hakuwekea wakfu chuma kije kiunguze watoto. Kiondoeni." Kisha akaingia ndani, akatoka na noti zilizofungwa kwenye pindo la leso, akaniambia niandike kuwa huo ni mchango wa kwanza wa mtungi mwingine, kwa jina la marehemu.

Mpishi wetu, ambaye njia nzima alikuwa ameninunia, alilia.

Tulivyouondoa

Hatukujaribu kuimwaga gesi iliyobaki, wala kuifungua valvu "iishe". Tuliifunga vizuri, tukaupakia mtungi ukiwa wima katika gari la wazi, tukaupeleka kwa wakala wa kampuni ambayo jina lake lilionekana chini ya rangi. Fundi wa kampuni alipokuja kuutazama, aliuinamisha na kutuonyesha chini ya pete ya kitako. Rangi yetu nzuri ya kijani ilikuwa imeshikilia magamba ya kutu. Alipoyakwangua, chuma kilikuwa na vishimo unavyoweza kuvihisi kwa ncha ya kidole. Akasema huo haurudi kupimwa, unakwenda kuharibiwa.

Picha ya ule ukosi wenye tarehe niliituma katika kundi la WhatsApp la waumini. Kijana wetu mmoja anayeishi Marekani alijibu akieleza jinsi jambo hilo hilo lilivyomkuta huko. Wamarekani wengi husafiri likizo kwa magari makubwa yenye kitanda na jiko ndani, na jiko hilo hutumia mitungi ya propani inayofungwa mbele au ubavuni mwa gari. Yeye alinunua gari kuukuu la aina hiyo kwa ajili ya familia, na kituo cha kwanza alichokwenda kujaza gesi kilimkatalia: mitungi ilikuwa imepita muda.

Kule mtungi wa gari ni mali ya mwenye gari, na mzigo wa kuupimisha ni wake. Sheria ya huko huupa mtungi mpya wa aina hiyo miaka 12 tangu kuundwa. Baada ya hapo hupelekwa kwa mkaguzi mwenye kibali. Ukikaguliwa kwa macho na kukubaliwa, hupigwa tarehe mpya na kupewa miaka 5 mingine. Asiyetaka usumbufu hununua mpya, au huupeleka dukani kubadilishana kama tufanyavyo sisi. Kijana wetu alilinganisha gharama, akaona mitungi yake ina kutu, akanunua mipya.

Nimeutaja mfano huo kwa sababu unafafanua jambo. Mwenye mtungi anayeumiliki na kuujaza mwenyewe lazima awe yeye ndiye mlezi wake. Sisi tulikuwa tumeutoa mtungi wetu katika malezi ya kampuni bila sisi wenyewe kuyachukua malezi hayo.

Nyumbani kwako je?

Matumizi ya gesi yanaenea haraka nchini mwetu. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034, nayo ni heri kubwa kwa macho na mapafu ya mama zetu. Lakini kadiri mitungi inavyoongezeka majumbani, ndivyo wajibu wa kuijua unavyoongezeka. Ndugu msomaji, chukua dakika chache leo, wewe na watu wa nyumbani mwako, mfanye haya.

Kwanza, someni tarehe. Tazameni ukosi unaoizunguka valvu au bamba lililochomelewa juu ya mtungi. Maandishi hutofautiana baina ya watengenezaji. Mkishindwa kuyaelewa, mwulizeni wakala ayasome mbele yenu. Mtungi uliopita muda msiupokee, na ulio ndani mwenu urudisheni. Wala msiupake rangi kwa sababu yoyote.

Pili, pimeni uzito. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake. Ikiwa mtungi wa kilo 6 umeandikwa kilo 7.2, basi ukijaa mizani isome kilo 13.2. Ukipungua mmepunjwa, ukizidi umejazwa kupita kiasi, na huo ni wa kurudisha pia. Kuomba kupimiwa dukani ni haki ya mnunuzi, si ugomvi.

Tatu, kagueni mwili wa mtungi. Uinamisheni kidogo mtazame kitako. Kutu ya juu juu hufutika. Kutu inayobanduka magamba, mbonyeo mkubwa au alama ya kuungua ni sababu ya kuukataa.

Nne, msisahau mpira na regyuleta. Wengi hubadilisha mtungi mara mia kwa mpira ule ule. Mpira wa gesi nao huandikwa tarehe na mtengenezaji. Ukunjeni kwa vidole: ukiona mipasuko midogo, au umekuwa mgumu kama fimbo, nunueni mwingine. Kwenye maungio pakeni povu la sabuni kila mnapofunga mtungi mpya. Mapovu yakifura, gesi inavuja. Kamwe msijaribu kwa kiberiti.

Tano, angalieni mahali. Mtungi ukae wima, penye hewa, mbali na moto, wala usifungiwe kabatini. Najua wapangaji wengi hupika na kulala katika chumba kimoja. Kwao nasema: uwekeni karibu na mlango, na kabla ya kulala fungeni valvu ya mtungi wenyewe, msitosheke na kuzima jiko. Mtume wetu (S.A.W.) alituusia kutoacha moto ukiwaka majumbani tunapolala, na kufunga valvu ni katika kuufuata wasia huo.

Sita, mkisikia harufu, msiguse swichi ya umeme, kuwasha wala kuzima. Fungeni valvu kama mnaifikia, fungueni milango na madirisha, watoeni watoto na wazee nje, na simu ipigwe mkiwa mbali. Namba ya Zimamoto ni 114. Kila mtoto anayejua kusoma aijue.

Siku ya kwanza ya Ramadhani

Mtungi mpya ulifika siku tatu kabla ya mwezi kuandama. Michango ilitimia, na tende hazikupungua. Safari hii tuliuweka nje ya ukuta wa jiko, ndani ya kizimba cha nondo kilicho wazi kwa hewa, na bomba likaingizwa ndani na fundi anayeijua kazi yake. Vijana walishauriwa wabaki na milango yao.

Jioni ya kwanza nilipita jikoni kabla ya Magharibi. Mpishi wetu alikuwa amesimama juu ya sufuria la uji wa pilipili manga, na ukutani, kwa chaki, alikuwa ameandika mwaka ambao mtungi ule unatakiwa kupimwa.

"Nimeandika nisisahau, Ustadh," akasema.

Nami nilikuwa nimeuandika katika daftari, katika safu ya hali ya chombo, pamoja na jina la marehemu. Mwaka huo ukifika huenda katibu atakuwa mwingine na mpishi atakuwa mwingine. Atakayelifungua daftari ataikuta tarehe, na inshaallah ataisoma.